Jaguar la miaka ya 60: namna ya kuliweka sawa bila kulitoa uhai

Fender Jaguar ni gitaa linalosingiziwa sana. Nyuzi zinaruka kwenye daraja (kile chuma mwilini kinachobeba nyuzi), daraja lenyewe linayumba, swichi zimejaa kama ubao wa umeme wa nyumba ya kupanga, na kuna siku sauti inakata katikati ya wimbo usijue imekatikia wapi. Mwenye nalo analipeleka kwa fundi. Fundi anang'oa hiki, anaziba kile, na gitaa linarudi likiwa kama mengine yote, limebaki na umbo lake la kwenda upande tu.

Langu nililipata Dubai, nikiwa katikati ya mkataba wa kupiga hotelini. Fundi mitambo wa bendi ya Wafilipino tuliyokuwa tukipokezana nayo jukwaa alikuwa anarudi kwao moja kwa moja, akawa anauza vitu. Gitaa alilitoa chini ya kitanda, lina nyuzi namba 9, zile nyembamba, zilizolegea mpaka zinagusa freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo. Baada ya kuhesabu hela akanipa na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na mkono wa tremolo (ule wa kutikisa sauti), kipande cha chuma chenye sponji iliyooza, na kifuniko cha kromu. Akaniambia nisitupe. Nilimwitikia kwa adabu tu, maana niliona ni takataka. Ilinichukua karibu miaka miwili kujua kwamba ile bahasha ilikuwa na nusu ya gitaa.

Maelezo haya ni kwa aliyepata Jaguar la kale, la kuanzia 1962 lilipotoka mpaka 1975 lilipoachwa kutengenezwa. Mengi yatamfaa pia mwenye Jazzmaster, kaka yake wa 1958, kwa sababu daraja na tremolo zao ni za aina moja.

KWANZA, JUA UMESHIKA NINI

Namba iliyogongwa kwenye bati la nyuma, pale shingo inapofungwa, haitoshi kukupa mwaka. Mabati yale yalikaa kwenye boksi kiwandani Fullerton, California, na mfanyakazi alichukua lililokuwa juu. Herufi L mbele ya namba hukuweka kati ya 1963 na 1965 hivi; bati lenye F kubwa ni la kuanzia mwishoni mwa 1965. Zaidi ya hapo ni kubahatisha.

Ushahidi mzuri uko ndani. Muombe muuzaji ruhusa, legeza nyuzi, fungua skrubu nne, toa shingo taratibu. Kwenye kisigino chake, kama hakijafutika, utakuta muhuri: namba, mwezi kwa herufi tatu, mwaka, kisha herufi moja. Wengi husoma ile namba ya mwanzo kama tarehe ya siku. Siyo. Ni namba ya aina ya shingo, na herufi ya mwisho ni upana wake pale nyuzi zinapoingilia kichwani. B ndiyo ya kawaida.

Kisha geukia volyumu. (Fundi redio wetu huita kila kitu kinachozungushwa volyumu, hata cha toni, nami nitafuata hivyo hivyo.) Mgongoni pamegongwa tarakimu. Tatu za mwanzo ni za kiwanda: 304 ni Stackpole, 137 ni CTS. Kwa gitaa la kipindi hiki, mbili zinazofuata mara nyingi ni mwaka, na mbili za mwisho ni wiki. Ukikuta 1376621, hiyo ni volyumu ya CTS ya wiki ya 21 ya mwaka 1966. Ila hapo kuna mtego: mwaka ule Fender walinunua volyumu kwa wingi, wakazitumia mpaka karibu 1969. Kwa hiyo volyumu ya 1966 haikuambii gitaa ni la 1966. Inakuambia si la kabla ya hapo, kama volyumu hazijawahi kubadilishwa.

Kwa macho tu, bila bisibisi: vidoti vya duara kwenye shingo isiyo na mpaka mweupe ni vya mpaka 1965, mpaka mweupe pembeni mwa shingo ulianza mwishoni mwa mwaka huo, alama za mstatili zikaja 1966. Wapo wasiotaka kusikia chochote kilichotengenezwa baada ya CBS, shirika la utangazaji la Marekani, kununua kampuni, Januari 1965. Langu lina muhuri wa Oktoba 1965, na sijawahi kumsikia CBS akitokea kwenye spika.

Kinachopaswa kukutia wasiwasi zaidi ni matundu. Miaka ya 70 na 80 magitaa haya yalikuwa ya bei ya kutupa, vijana wa Marekani na Uingereza wakayachonga watakavyo ili yaingie pikapu kubwa (pikapu ni kile kifaa chenye sumaku kinachonasa mlio wa nyuzi). Jaguar la 1965 la Kurt Cobain, linalojulikana kuliko yote, lilikuwa na pikapu za DiMarzio. Kama unataka la kupiga, gitaa lililochongwa si dhambi, nalo litakupunguzia bei. Kama unataka la kale kweli, tazama kila tundu, na uliza bahasha iko wapi.

SWICHI: ZISOME KABLA YA KUFUNGUA CHOCHOTE

Wiki yangu ya tatu na gitaa hili, sauti ilipotea dakika tano kabla ya kupanda jukwaani. Nikalifungua kwenye chumba cha wafanyakazi, skrubu zimetapakaa juu ya taulo, nikagusa kila waya. Hakuna kilichokatika. Mpiga besi wetu, ambaye hajawahi kushika bisibisi maishani mwake, akainama, akasukuma swichi moja kwa kidole gumba. Gitaa likalia.

Lipakate kama unayetaka kupiga. Kwenye bati la juu, upande wa uso wako, kuna swichi moja ya kusukuma na vigurudumu viwili vilivyozama. Swichi hii ikiwa juu, gitaa linatumia pikapu ya shingoni peke yake, na vigurudumu viwili ndivyo sauti na toni. Vile vya kuzungusha vya chini vinakuwa pambo. Ukizungusha mpaka mkono uchoke, hakitokei kitu. Ikiwa chini, mambo yanageuka: vigurudumu vinalala, vya chini vinaamka.

Njia ya vigurudumu ina sauti nzito, ya kufunikwa, na hiyo ni makusudi. Toni yake ni ya kilo-omu 50, wakati volyumu za njia ya pili ni za meg moja, yaani kilo-omu 1,000. Leo Fender, mwanzilishi wa kampuni, alikusudia upange sauti ya kusindikiza huku, ya solo kule, kisha uhame kwa kidole kimoja bila kugusa kingine.

Kwenye bati la chini, mbele ya mkono wako wa kulia, kuna swichi tatu ndogo zimejipanga. Mbili ni za kuwasha na kuzima pikapu, kila moja na yake. Zikizimwa zote mbili, kimya. Hilo ndilo lililonikuta, na ndilo linalowapeleka watu wengi kwa fundi bure. Ya tatu inakata sauti za chini: sauti inakonda, inakuwa kali, kama inatoka kwenye redio ndogo ya mkulima.

Wazungu wengi huidharau hiyo ya tatu. Mimi naipenda kuliko zote. Kwenye bendi yenye besi, rithimu, mi-solo (gitaa la kati ya rithimu na solo) na kinanda, solo nene haisikiki, inabaki kugombana na wenzake. Sukuma ile swichi wakati sebene linapoingia, na noti zako zinapita juu ya wote bila kuongeza volyumu. Ijaribu na pikapu zote mbili zikiwa zimewashwa, siyo ya nyuma peke yake, ambayo itakutoboa masikio.

Zoezi la jioni moja: zima taa, shika gitaa, hama kutoka njia moja kwenda nyingine kwa kupapasa tu mpaka vidole vizoee. Jukwaani hutapata nafasi ya kuinama kutazama.

NYUZI

Toa namba 9. Toa na namba 10. (Namba ni unene wa uzi wa kwanza, kwa sehemu za elfu za inchi.) Jaguar lina urefu wa uzi wa inchi 24, sawa na milimita 610. Stratocaster, gitaa jingine la Fender, lina 648. Uzi uleule ukikazwa kwa noti ileile, kwenye Jaguar mvuto wake unapungua kwa karibu asilimia 11. Gitaa lilichorwa wakati watu wanafunga nyuzi nene, nyingi zikiwa bapa, yaani zilizozungushiwa utepe wa chuma badala ya waya wa mviringo. Uzito ule ndio ulioshikilia daraja mahali pake. Ukifunga nyuzi za kisasa nyembamba, umeondoa mzigo uliofanya kila kitu kitulie, kisha unalilaumu gitaa.

Anza na namba 11, na ukiweza nenda 12. Usiogope vidole: kwa sababu ya ufupi wa shingo, 11 hapa hazizidi sana 10 za kwenye Stratocaster. Mimi nina 12 bapa, na uzi wa tatu ni wa kusukwa. Kuvuta uzi kwa noti nzima ni kazi, sikatai. Lakini shingo yenyewe ni ya mgongo wa kobe, nusu kipenyo chake inchi 7 na robo, na uzi ukivutwa sana huku juu huzimika. Gitaa hili halikuumbwa kwa kuvuta.

KABARI NA DARAJA

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo magitaa mengi yanapoharibiwa. Nenda polepole.

Daraja la Jaguar halijafungwa kwenye mwili. Limesimama kwa miguu miwili, na ndani ya kila mguu kuna skrubu yenye ncha, ncha hiyo imekaa kwenye kitako cha kikombe cha chuma kilichozamishwa kwenye mbao. Ukitumia tremolo, daraja linainama na kurudi pamoja na nyuzi, ili nyuzi zisisugue. Kuyumba ndiyo kazi yake. Aliyelizungushia utepe ili litulie amelifunga mtu miguu halafu anamwambia cheza.

Tatizo la kweli ni pembe. Nyuzi zikipita juu ya daraja karibu tambarare, hazilikandamizi, na hapo ndipo linapolia kama nzi chupani na nyuzi kuruka ukipiga kwa nguvu. Dawa ni kuilaza shingo nyuma kidogo, kisha kuliinua daraja.

1. Legeza nyuzi zote mpaka ziwe teketeke. Fungua skrubu nne za shingo, itoe. Kama shingo imepinda, huu ndio wakati wake, kwa sababu skrubu ya chuma cha ndani iko kwenye kisigino na huifikii shingo ikiwa imefungwa. Robo mzunguko tu, kisha rudisha, funga nyuzi, ngoja mpaka kesho yake ndipo uamue tena.

2. Kata kabari. Kadi ya biashara ngumu iliyokunjwa mara mbili inafaa kwa majaribio. Ubapa wa mbao ngumu ni bora kwa kudumu. Nusu milimita kwanza, isizidi moja. Iweke kwenye shimo la shingo upande ulio karibu na daraja, kati ya zile skrubu mbili za nyuma. Usione aibu: kiwandani kwenyewe waliweka kabari, na huenda ukakuta moja humo ndani tangu enzi hizo. Ukiikuta, usiitupe.

3. Rudisha shingo, kaza skrubu kwa zamu, moja huku moja kule, kama unavyokaza nati za tairi.

4. Funga nyuzi, zikaze mpaka karibu na sauti yake. Sasa zitakuwa zimelala juu ya freti. Chukua alenki ndogo, ipitishe kwa juu kwenye kila mguu wa daraja, inua. Kila nusu milimita ya kabari hudai daraja lipande zaidi ya milimita moja. Simama pale nyuzi zinapokuwa huru na vidole vinaridhika.

5. Lisimamishe daraja wima. Litazame kwa ubavu. Likiwa limeegemea shingo au tremolo, lishike kwa vidole viwili ulirudishe katikati. Utalirudisha tena kila ukibadilisha nyuzi, na hiyo ni kawaida.

6. Rekebisha kila kitako cha uzi, yaani kile kipande kidogo juu ya daraja ambacho uzi umekikalia. Piga noti ya freti ya 12, kisha gusa uzi hapohapo bila kuukandamiza upige tena. Noti ya kukandamiza ikiwa juu kuliko ile nyingine, rudisha kitako nyuma kuelekea tremolo. Ikiwa chini, kisogeze mbele.

7. Zile skrubu ndogo zinazoinua vitako hulegea zenyewe kwa mtikisiko, na siku moja unakuta uzi wa sita umezama. Zikishakaa sawa, dondoshea kila moja tone la rangi ya kucha. Hiyo hufunguka ukitaka. Gundi ya super haifunguki, usiiguse.

Vitako vya asili vina mifereji mingi kama nyuzi za skrubu, wewe unachagua uzi ukae mfereji upi. Ni wazo zuri kwa mpigaji mpole. Mpiga rithimu wa nguvu ataruka mifereji miwili kwa wimbo mmoja. Kama baada ya kabari na namba 11 bado unaruka, nunua vitako vya Fender Mustang, vyenye mfereji mmoja wa kina; vinaingia kwenye daraja hilohilo bila kutoboa popote. Vya zamani, kwenye bahasha.

Kuna kifaa kingine cha kufunga kwenye tremolo chenye kigogo kinachokandamiza nyuzi nyuma ya daraja. Kinamaliza mlio, kweli. Nilikaa nacho mwaka mmoja. Kinaua pia ile sehemu ya nyuzi iliyo nyuma ya daraja, ambayo kwenye Jaguar ni ndefu na inalia yenyewe kila unapopiga, kama mwangwi wa kengele za mbali. Ukiigonga kwa plekitra inatoa noti za ajabu ambazo hakuna pedali inayozitoa. Kama unataka kuizima kwa wimbo mmoja, pitisha kipande cha kitambaa katikati ya nyuzi. Kinatoka kwa sekunde moja.

TREMOLO

Mkono wake unasukumwa ndani mpaka ubonyee. Hauzungushwi kama wa Stratocaster. Nimeona mtu akiuzungusha mpaka akautoa jasho.

Kwenye bati la tremolo kuna skrubu ya springi katikati, na kitufe kidogo cha kuteleza ambacho ni kufuli. Kufuli hili lina kazi moja nzuri sana: uzi ukikatika katikati ya wimbo, nyuzi nyingine zote hupanda sauti kwa sababu springi imezidi nguvu. Ukifunga kufuli, nyuzi tano zilizobaki zinarudi mahali pake, unamaliza wimbo. Lakini halifanyi kazi kama springi haijapangwa.

Kaza nyuzi mpaka sauti sahihi, kufuli likiwa wazi. Jaribu kulitelezesha. Likigoma, au likiingia na sauti ikabadilika, geuza skrubu ya springi kidogo, rudisha nyuzi kwenye sauti, jaribu tena. Utazunguka hivyo mara nne au tano, kwa maana kila ukigusa springi sauti inahama. Umemaliza siku ambapo kufuli linateleza bila kusukumwa kwa nguvu na kipima sauti hakitikisiki.

KILE CHUMA CHENYE SPONJI

Ndicho kilichokuwa kwenye bahasha yangu, na ndicho cha kwanza kung'olewa kwenye karibu kila Jaguar. Kinakaa kando ya daraja. Ukikibonyeza upande mmoja, upande wa pili unainuka na sponji inagusa nyuzi zote sita kwa chini. Noti zinakuwa fupi, kavu.

Sponji ya miaka sitini imeshageuka unga au lami. Kwangua kwa kipande cha plastiki, wala si kisu, futa, bandika mpya kwa gundi ya utepe wa pande mbili. Sponji ngumu kidogo, ya kufungia vyombo vya kioo, hufanya kazi vizuri kuliko ya godoro. Ikate iwe nyembamba kuliko unavyodhani: ikizidi unene inasukuma nyuzi juu na gitaa zima linapanda sauti. Hata ikiwa sawa, ikague sauti yako nayo ikiwa juu kabla ya kurekodi.

Sauti yake? Kwa nyuzi bapa, pikapu ya shingoni na sponji juu, naona inakaribia gambusi kuliko gitaa. Nimeitumia kwenye harusi, kwenye nyimbo za taarab ya zamani, na wazee waligeuka kutazama.

UMEME WA NDANI

Jaguar lilikingwa vizuri kuliko magitaa mengi ya wakati wake: kuna mabati ya shaba nyeupe chini ya pikapu, na kila pikapu imezungukwa na kucha za chuma zenye meno, zinazokusanya usumaku na kupunguza mlio wa umeme. Ukisikia mlio mkubwa unaonyamaza ukigusa nyuzi, usikimbilie kubadilisha pikapu. Tafuta waya wa ardhi uliokatika.

Kabla ya kufungua, pima kupitia jeki. Chomeka kebo, volyumu yote juu, washa pikapu moja, weka mita kwenye ncha na kwenye shingo ya plagi ya upande wa pili. Kati ya kilo-omu 5 na 8 pikapu iko hai. Namba ikiruka kila unapogusa swichi, tatizo ni uchafu, siyo koili. Nyunyizia dawa ya kusafisha kontakti za umeme kwenye upenyo wa swichi, isukume huku na huku mara thelathini, acha ikauke. Usitumie mafuta ya kulainishia bawaba. Yanafanya kazi wiki moja, kisha yanakusanya vumbi na hapo utakuwa umejitafutia kazi ya kweli.

Kama koili imekatika kweli, usimpelekee fundi wa kusuka mota za feni, hata awe hodari vipi. Waya wa pikapu ni mwembamba kama unywele. Na kabla fundi yeyote hajalehemu kitu, piga picha za kila kona. Lehemu ya kiwandani ambayo haijaguswa inaongeza bei ya gitaa, jambo ambalo fundi redio wako hana sababu ya kulijua.

Watu hulalamika ukali wa sauti, wakabadilisha volyumu za meg moja kuweka ndogo. Punguza toni mpaka 7 kwanza. Ni bure.

PWANI, KIYOYOZI NA RANGI

Rangi ya magitaa haya mpaka karibu 1968 ni ya nitroselulosi. Ni nyembamba, inazeeka vizuri, na ina maadui wawili. Wa kwanza ni mpira: stendi zenye mpira au sponji nyeusi huiyeyusha kimyakimya, asubuhi unakuta alama isiyofutika. Zungushia stendi kitambaa cha pamba. Adui wa pili ni joto la ghafla. Kule Dubai nilitoka ukumbini kwenye kiyoyozi cha nyuzi joto 20, nikafungua kasha kwenye maegesho yenye joto la oveni ili nimwonyeshe rafiki. Nilisikia mlio mdogo, kama barafu ikimwagiwa chai. Mistari mitano iliyokatiza mgongoni ndiyo kumbukumbu yangu ya kiangazi kile. Ukihama kati ya baridi na joto, kasha likae limefungwa nusu saa.

Dar, Mombasa na Unguja shida ni chumvi na unyevu. Futa nyuzi, daraja na kucha za pikapu kila ukimaliza kupiga, na kitambaa kikavu, siyo kibichi. Weka vifuko vya silika ndani ya kasha na uvibadilishe. Vile vinavyokuja na viatu vipya vinafaa. Kibao cha plastiki cha rangi ya kobe kilicho usoni mwa gitaa husinyaa kwa miaka, mpaka matundu yake hayalingani na ya mwilini. Ukikitoa, usilazimishe skrubu kurudi. Ndivyo kinavyopasuka.

Kuhusu amplifaya, neno moja: ukipata ya zamani ya Marekani, ni ya volti 120, na ukutani kwetu kuna 230 au 240. Nunua transfoma ya kushushia yenye uwezo wa kuzidi wati ambazo amplifaya inazivuta ukutani, siyo zile za sauti inayotoa, na uandike kwa maki kubwa kwenye plagi.

UKISAFIRI NALO

Kwa kawaida kibao cha shingo ni mti wa jamii ya Dalbergia. Kwenye mengi yaliyotoka kabla ya katikati ya miaka ya 60 ni ule wa Brazili, Dalbergia nigra, ambao tangu 1992 uko kwenye orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Kuuvusha mpaka kwa biashara bila vibali ni kosa. Baadaye Fender walihamia wa India. Mwaka 2017 jamii yote ya Dalbergia iliingizwa kwenye orodha ya pili, wanamuziki wakahangaika viwanja vya ndege, hadi Novemba 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vikaondolewa kwenye masharti hayo. Ule wa Brazili haukuguswa na nafuu hiyo.

Mpingo wetu, Dalbergia melanoxylon, ule wa Kilwa na Lindi unaokwenda Ulaya kuwa klarineti na oboe, ni wa jamii hiyohiyo. Nimewahi kulieleza hivyo mezani kwa mkaguzi mmoja aliyetaka kujua ni mti gani, na tukaelewana haraka kuliko ningemtajia jina la Kilatini. Hata hivyo beba stakabadhi ya ununuzi, picha ya muhuri wa shingo, na picha ya bati la namba.

Bahasha nayo isafiri ndani ya kasha. Yangu sasa ina vitako sita vya asili, kifuniko cha kromu, kile kifaa cha kukandamiza nyuzi nilichokichoka, kabari ya kwanza ya kadi, na unga wa sponji ya zamani kwenye karatasi iliyokunjwa. Kila kitu nimekiandikia kilitoka wapi na tarehe gani.